Likizo ya Siku Tano Mbali na Joto la Dar es Salaam

SWALI: Mimi na mke wangu tuna mwaka mmoja wa ndoa. Mwezi Septemba tutakuwa na likizo ya siku tano, na tunataka kupumzika mahali pa wazi penye utulivu. Marafiki wanatuelekeza Zanzibar, lakini joto na bahari tunavyo hapa hapa Dar es Salaam. Mnatushauri twende wapi?

JIBU: Kwa kuwa mnalikimbia joto, pandeni Lushoto, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, ambako mji upo kwenye kimo cha takriban mita 1,400 na jioni mtahitaji sweta. Barabara ya kupanda huanzia Mombo, nayo ina kona nyingi kwa kilomita zipatazo 33, hivyo anayesumbuliwa na kichefuchefu akae kiti cha mbele (mimi nilikaa nyuma mara moja, na sirudii).

Tengeni asubuhi moja mtembee taratibu hadi Irente, mkipita kando ya vishamba vya mboga vilivyong'ang'ania miteremko, mpaka mfike kwenye mwamba ambao chini yake tambarare na mashamba ya mkonge vimetandazwa kama mkeka. Siku nyingine ingieni msitu wa Magamba pamoja na mwongozaji, mkawatazame mbega. Septemba mmechagua vema, kwani wakati wa masika njia hizo huteleza sana.

Kabla ya kulipia chumba, ulizeni kama maji ya moto hupatikana asubuhi.