Barua kwa mwanangu: wiki ya kwanza darasani Daegu, Korea Kusini

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza mawili: siku ya kwanza uanzie wapi na hao watoto wa darasa la tatu utakaowafundisha Kiingereza, na ufanyeje wakikukodolea macho tu.

Shule za serikali Korea huanza Kiingereza darasa la tatu, na mwaka wa masomo hufunguliwa Machi. Kwa hiyo utakuta mtoto asiyejua herufi, na pembeni yake mwenzake aliyekwenda hagwon, hizo tuisheni za kulipia, tangu chekechea. Usimpime mmoja kwa kibaba cha mwingine.

Kipindi ni dakika 40. Kujitambulisha kusizidi dakika nane, picha tano zinatosha. Usihutubie; onyesha picha ya kimchi, kabichi yao ya kuchachusha, sema "I like kimchi", nao wabahatishe kama ni kweli kwa kuunda O (kweli) au X (si kweli) kwa mikono. Watakuuliza umri, usikasirike. Kwa Mkorea umri ndio unaoamua amsemeshe mtu vipi, kama sisi tunavyopima nani wa kumwamkia shikamoo.

Hiyo O ina jambo lake. Jibu sahihi kule huzungushiwa duara, na alama ya vema tuliyoizoea wao huisoma kuwa kosa. Mtoto kapata kumi juu ya kumi, wewe umemjazia vema daftari zima, naye anaona amefeli. Majina yao nayo usiyaandike kwa wino mwekundu, maana wanauhusisha na kifo.

Kisha kadi za majina: manila iliyokunjwa, jina kwa Hangul, yaani maandishi ya Kikorea, na kwa herufi zetu. Hangul ujifunze kabla hujapanda ndege. Herufi za msingi ni 24, na Mfalme Sejong aliitangaza mwaka 1446 ili mtu wa kawaida aweze kusoma. Siku tatu zitakutosha. Jina la ukoo hutangulia, basi usiite "Kim", wataitika nusu darasa.

Kuhusu ukimya: wengi wanajua jibu ila wanaogopa kukosea mbele ya wenzao. Anza na darasa zima kwa pamoja, halafu mstari kwa mstari, halafu wawili wawili, na wa peke yake awe amejitolea mwenyewe. Usiulize "Do you understand?", wote watasema yes. Mwambie mtoto akuonyeshe kwa kidole. Na ukiuliza "Didn't you finish?" akajibu "Yes", hajakudanganya: anasema ndiyo, sijamaliza, vilevile ungejibu wewe hapa nyumbani.

Matamshi ndiyo yatakayokula muda, na hapo Kiswahili kitakufaa. Nao huongeza irabu kama sisi tulivyoigeuza "bus" kuwa basi. "Desk" kinywani mwao ni silabi tatu, de-seu-keu. Piga kofi moja kwa neno zima, wao wapige pamoja nawe. Anayepiga matatu atajisikia mwenyewe. F hawana, huweka p. Mtoto ashike kipande cha karatasi mbele ya mdomo: kwa p karatasi inaruka ghafla, kwa f meno ya juu yagusa mdomo wa chini na karatasi inapepea taratibu. Z kwao huwa j. R na l ni herufi moja. Hilo usilitafutie ufumbuzi wiki ya kwanza.

Mchezo usiuelezee kwa maneno. Cheza wewe na mwalimu mwenzako raundi moja wakitazama. Nani aanze? Gawi bawi bo, yaani mkasi, jiwe, karatasi, na ubishi umekwisha.

Mwalimu huyo Mkorea zungumza naye kabla ya kipindi. Akitafsiri kila sentensi yako, watoto wataacha kukusikiliza na kumsubiri yeye. Mwombe ahesabu hadi tano kimoyomoyo kwanza.

Beba sapatu za ndani, viatu vya nje vinabaki mlangoni. Kupokea kwa mikono miwili na kumwita mtu kiganja kikiwa chini ulishafunzwa.

Ratiba ukiipata nitumie. Kawaida ni vipindi 22 kwa wiki. Wakikuandikia zaidi, soma mkataba kuhusu malipo ya ziada kabla hujasema lolote.

Mama yako