Kuhusu A. A. Gill na yule nyani

Ndugu, umeuliza kama mhakiki wa televisheni wa gazeti la Uingereza aliyempiga risasi nyani hapa Tanzania alifukuzwa kazi. La, hakufukuzwa. A. A. Gill alianza kuliandikia Sunday Times mwaka 1993, akihakiki televisheni na migahawa, na aliendelea hadi alipofariki Desemba 2016, akiwa na umri wa miaka 62. Kwa kuwa kusoma na kuandika kulimtatiza tangu utotoni, makala zake alizitamka kwa simu, mtu wa upande wa pili akiziandika. Labda ndiyo sababu sentensi zake zina mdundo wa mazungumzo.

Habari ya nyani aliieleza mwenyewe mwaka 2009, ndani ya makala ya mgahawa, akikiri kwamba alitaka kuonja hisia za kumuua mtu. Sisi wa Mwanza, ambao tukienda Musoma huwaona nyani karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti wakisubiri ganda la ndizi, tunaona ukatili usio na hata kisingizio cha shamba lililoliwa.

Hata hivyo, lililomletea hukumu rasmi ni jingine: mwaka 2010 baraza la Uingereza la malalamiko dhidi ya magazeti liliamua kwamba alimdhalilisha mtangazaji Clare Balding kwa kumkejeli kuhusu mapenzi yake ya jinsia moja. Miaka miwili baadaye alimkejeli sura mwanahistoria Mary Beard, naye akamjibu hadharani, kwa ukali uliostahili.