Maoni yakipishana kuhusu diski moja, usikilize yupi?

Ndugu, umeuliza uamini nani kabla ya kununua diski ya filamu, maana mmoja kaipa nyota tano na mwingine anasema ni hasara tupu. Mimi huanza na swali moja: huyu anaizungumzia filamu au diski? Wengi huchanganya. Mtu akilalamika kwamba sauti inapishana na midomo, hapo hadithi haina kosa, nakala ndiyo mbovu.

Halafu tazama ameona toleo lipi. Filamu ya Blade Runner ya mwongozaji Ridley Scott ilitoka mwaka 1982, lakini toleo aliloliridhia mwenyewe ni la 2007, na haliishii pale lilipoishia lile la kwanza. Watu wawili watabishana usiku kucha, kumbe kila mmoja ameona kitu chake.

Kuna na lalamiko la "wamekata dakika tano". Hilo usilipokee haraka. Filamu kwa kawaida huwa na picha 24 kwa sekunde. DVD za PAL, mfumo wa picha za televisheni wa nchi nyingi za Ulaya na Afrika, huziendesha 25. Basi filamu ya dakika 120 huisha kwenye 115 hivi, bila tukio hata moja kukatwa. Niliwahi kurudisha diski nzuri kabisa kwa sababu hiyo, na bado inaniuma.

Kwa tamthilia ndefu, msikilize aliyefika msimu wa mwisho. Na kabla hujalipa, angalia namba ya eneo kwenye jalada, yaani inayoonyesha diski imetengenezwa kwa ajili ya sehemu gani ya dunia; isipokubaliana na deki yako, haitacheza.