Kilo 15 kwa mwezi kabla ya harusi: ninachokiona kwenye futi kamba

Dada uliyeuliza kama unaweza kushusha kilo 15 kwa siku 30 kabla ya harusi, kwa matango, mayai mawili na chai ya sanamaki usiku: mimi si daktari, ni fundi wa magauni ya harusi hapa Dar. Ila mabibi harusi wanaojinyima kula nawapima mimi, na wengi hunirudia baadaye niwaachie mishono.

Wiki ya kwanza utafurahi. Mzani utashuka kilo mbili tatu, utasifiwa. Sehemu kubwa ya hizo ni maji. Mwili huweka sukari ya akiba kwenye misuli na ini, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu 3 za maji. Akiba ikitumika, maji nayo yanatoka. Sanamaki ni dawa ya kuharisha, mafuta haiyagusi. Inakutoa maji na chumvichumvi, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili udunde sawasawa.

Kuna mteja vipimo vyake vyote bado ninavyo daftarini. Alipokuja kujaribisha gauni, kiuno kilikuwa kimepungua kidogo tu, lakini mikono ilikuwa imepwaya kabisa. Hiyo ni misuli imeliwa, maana mwili usipopata protini ya kutosha na mazoezi hakuna, unajila wenyewe. Baada ya fungate na pilau za ukweni kilo zikarudi, ila zilirudi kama mafuta. Mwaka uliofuata alikuwa na uzito uleule wa mwanzo, lakini gauni lilimbana tumboni na kupwaya mikononi. Huyo nimshonee vipi?

Na msimwite mroho. Marekani walifuatilia watu 14 waliopungua kwa kasi kwenye shindano la runinga. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha kwamba miaka 6 baadaye miili yao ilikuwa inachoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa maumbo yao. Yaani unakula sahani sawa na shoga yako, wewe unanenepa, yeye yuko vilevile.

Nywele hukatika miezi miwili mitatu baadaye, wakati mtu ameshasahau diet. Wengi husingizia dawa ya saluni, wengine husema ni jicho la watu. Hedhi nayo inaweza kukata, na ikikata muda mrefu mifupa inadhoofika.

Lililonitisha zaidi ni la binamu yangu: maumivu makali chini ya mbavu za kulia, yanapiga hadi begani, akidhani ni vidonda vya tumbo. Ultrasound ikaonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo, kikatolewa. Daktari alimweleza kwamba ukipungua haraka, ini humwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo, na usipokula mafuta kabisa kifuko hakijikamui, nyongo inalala mle na kuganda. Hatari inapanda hasa ukizidi kilo moja na nusu kwa wiki. Wewe unataka kilo tatu na nusu kwa wiki.

Najua kuna mtu atakuja kusema hospitali nazo huwapa watu kalori 800 kwa siku. Kweli, Uingereza walijaribu hivyo kwa wenye kisukari aina ya pili, na karibu nusu yao sukari ilitulia bila dawa ndani ya mwaka. Lakini chakula kile kimepimwa vitamini na madini yake, dawa zinasimamiwa, na chakula cha kawaida kinarudishwa polepole. Matango na sanamaki si hicho.

Kwa mwezi uliobaki, ukipunguza ugali, soda na chipsi, ukaendelea kula maharage, samaki na mayai, na ukatembea kila siku, kilo mbili hadi nne zinawezekana. Na mwambie fundi wako asiweke zipu, aweke kamba mgongoni na kuacha inchi mbili za mshono kila upande. Gauni la hivyo hata ukipungua au ukiongezeka kidogo wiki ya mwisho linakaa.