Ndoa Haitakubadilisha, Usimuoe Huyo Binti

Shangazi, nina miaka 28, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimesoma madrasa, nasali, nafunga. Lakini tangu nibaleghe, moyo wangu huelekea kwa wanaume tu. Nimemuomba Mungu aniondolee, wapi! Mama amenichumbia binti wa mjomba, na nikaha ni baada ya Idi. Nadhani nikioa nitatulia. Nifanyeje nipate amani na nibaki Mwislamu?

Pole, mwanangu. Umebeba mzigo mzito, tena peke yako.

Sasa sikiliza. Barua nzima ni machozi yako na hofu yako kwa mama. Huyo binti umemtaja mara moja tu, na hukusema kama anajua. Hajui. Na hilo la kutulia huliamini hata wewe, ungeliamini, usingeniandikia.

Mimi niko upande wake. Mwaka wa kwanza ataambiwa hajui kumshika mume. Ataletewa somo mwingine wa kumfunda, atanyweshwa kombe la maji ya aya, atazungushwa kwa waganga. Mimba isipoingia ataitwa tasa, nawe umekaa kimya na ukweli unaujua. Surat Ar-Rum, aya ya 21, inasema wenza tumeumbiwa tupate utulivu kwao, na kati yetu pakawekwa mapenzi na huruma. Wewe utampa kipi katika hivyo? Lila na fila havitangamani.

Na si wewe peke yako. Harusi za siku hizi wazazi wanahangaikia ukumbi, mapambo na picha, na bwana harusi haulizwi hata mara moja kama yeye anamtaka huyo bibi harusi. Deni la ukumbi halijaisha, watu wako mbele ya kadhi wanadai talaka.

Kuhusu dini sikufichi: masheikh wetu karibu wote wanasema tendo ni haramu. Lakini ni hao hao wanaofundisha kuwa mja haandikiwi dhambi kwa lililompitia moyoni asilitende. Basi nani amekutoa kwenye Uislamu? Wako Waislamu wachache wanaozisoma aya za kaumu Lut, watu wa Nabii Lut, zinazotumiwa kukataza jambo hili, kwa namna nyingine. Imamu Muhsin Hendricks wa Afrika Kusini alikuwa mmoja wao. Naye moyo wake ulielekea kwa wanaume kama wako; alioa, akazaa, ndoa ikavunjika, hali yake ikabaki vilevile. Februari 2025 alipigwa risasi akafa. Mjadala wao una wenyewe. Wewe sala yako usiiache, na asikufukuze mtu msikitini.

Ila usiende kujitangaza barazani. Kenya kifungo cha tendo hilo hufika miaka 14, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta sheria hiyo. Mama mwambie tu: simuoi. Sababu ibaki kifuani mwako mpaka umpate wa kumwamini kweli. Atalia, mjomba atanuna, vumilia. Na uende mwenyewe kwa mjomba wiki hii, kabla mahari hayajapokewa, useme mbele ya wazee kwamba posa umeivunja wewe na binti hana kosa lolote.