Olanzapini na unene

Dada, umeuliza kama olanzapini, dawa ya magonjwa ya akili, ndiyo imemnenepesha kaka yako hapo Kondele. Inawezekana kabisa. Huleta njaa isiyoisha: mtu anamaliza sima yake na bado anachungulia sufuria. Yaweza pia kupandisha sukari, kwa hiyo kliniki ijayo ombeni apimwe sukari, mafuta ya damu na uzito. Haloperidoli, dawa ya zamani ya magonjwa hayo hayo, hainenepeshi hivyo, ila hukaza misuli na kutetemesha mikono.

Huyo aliyekwambia "dawa mpya haina madhara" amemeza matangazo. Eli Lilly, kampuni iliyoleta Zyprexa (ndiyo hiyo hiyo olanzapini), walikiri kosa Marekani mwaka 2009 kwa kuinadi kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau bila idhini. Wakalipa zaidi ya dola bilioni 1.4. Lakini kaka yako asiiache dawa ghafla, azungumze na daktari kwanza.