Mfuko wa wanga ukimeguka haujaoza

SWALI: Nina kitalu cha miche ya parachichi hapa Bahati, Nakuru. Nilinunua mifuko ya miche iliyoandikwa imetengenezwa kwa wanga wa mahindi, nikapanda miche na mifuko yake. Misimu miwili imepita, na nikipalilia bado naokota vipande. Muuzaji ananiambia nimwagie molasi vioze. Nifanye hivyo?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Wape ng'ombe hiyo molasi. Vijidudu vya udongo havikuishiwa nguvu. Vilikula kilicholika, vikakuachia kisicholika. Kwa dalili hizo, mfuko wako ni wanga uliochanganywa na polithini, yaani plastiki ya kawaida ya mifuko.

Wanga hukatwa na vimeng'enya, yaani vitu ambavyo vijidudu hutoa kuvunja chakula, mpaka ukawa sukari. Polithini ni mnyororo mrefu wa kaboni, na vimeng'enya hivyo havina pa kuikatia. Wanga ukitoka, mfuko hubaki na matundu, hulegea, humeguka. Mkulima huona vipande vinapungua akasema umeoza, kumbe vimekuwa vidogo tu hata jicho halivioni, na vimo shambani. Tena wanga ukiwa kidogo, punje nyingi huwa zimezingirwa na polithini pande zote, hata wanga wenyewe hauliki.

Kinachoniudhi zaidi ni ule mchezo wa iodini. Unadondosha tone juu ya mfuko, linageuka bluu iliyokolea karibu na nyeusi, watu wanaridhika. Tone hilo limeonyesha kuna wanga, basi. Halijasema wanga umechanganywa na nini, na hilo ndilo swali.

Wanga ukichanganywa na PBAT, plastiki ya aina nyingine, mambo ni tofauti, maana viungo vya PBAT vijidudu huweza kuvikata. Lakini hata hapo soma cheti. EN 13432, kipimo cha Ulaya, ni cha mboji ya kiwandani, hupimwa kwenye joto la nyuzi 58 hivi, na udongo wa Bahati haufiki huko. Plastiki ya kutandaza shambani ina kipimo chake, EN 17033: angalau asilimia 90 ya kaboni yake iwe hewa ya kaboni ndani ya miaka 2, kwenye udongo wa joto la kawaida. Neno "mahindi" lililochapwa kwenye mfuko si cheti, na anayekuuzia dawa ya kuozesha polithini anakuibia mara ya pili.

Vipande unavyoviona viokote sasa, kabla jembe halijavisaga zaidi, na usivichome. Miche iliyobaki kitaluni ivue mifuko kabla ya kuipanda.